Mtani Mwenye Gereji

Kilima chenyewe hakikuwa na jina mpaka Biasha binti Abdala alipoanza kushuka hapo. Kiko katikati ya njia ya kutoka Kisarawe kwenda Mzenga, mahali barabara inapovuka kijito, ikapinda kushoto penye mikorosho, kisha ikainuka ghafla kwenye mchanga mwekundu. Malori hukipanda yakiguna. Baiskeli husukumwa. Na pikipiki ya Mfaume Pazi, kila ilipofika nusu ya mwinuko, ilikohoa, ikatikisika, na Mfaume akasema bila kugeuka nyuma, "Shuka, Biasha."

Biasha alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mwili wa kushiba na mwendo wa taratibu, na alikuwa kungwi. Katika vijiji vile hakutolewa mwali pasipo yeye kuitwa kuongoza nyimbo. Mumewe ndiye aliyempeleka. Mfaume alikuwa na mikorosho yake, minazi kidogo, na biashara ndogo ya kanga, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Pikipiki ile ya Kiingereza, ya rangi ya kijani, aliinunua mwaka 1968 kwa meneja wa shamba la mkonge aliyekuwa anarudi kwao. Alikuwa akimfikisha mkewe kwenye ngoma, kisha anakaa nje na wanaume wenzake, akisikiliza sauti yake ikipita juu ya sauti za wengine wote. Hakumwambia mtu yeyote jinsi alivyokuwa akiipenda saa ile.

Wanawake waliookota korosho kando ya kilima walisikia "Shuka, Biasha" msimu mzima. Msimu wa pili wakaanza kuambizana, "Tukutane Shuka Biasha." Utingo wa lori naye akalidaka, akawa anapiga mbavu za gari na kuuliza abiria, "Shuka Biasha wapo?" Biasha alilivumilia. Alikuwa mtu wa kujibu, na aliwajibu wote.

Lakini mwaka 1972 kijiji cha karibu na pale kiliitisha mkutano wa kugawa mashamba, na Biasha alikuwepo. Katibu alisimama akasema, "Shamba la pamoja litaanzia kijitoni mpaka Shuka Biasha." Akaendelea na mambo mengine. Wazee wakatikisa vichwa kukubali.

Jioni Biasha alimwambia mumewe akiwa anachambua mchele, "Wangecheka ningewajibu. Hawakucheka, Mfaume. Wamezoea."

"Ni jina tu."

"La kwako lingekuwa jina tu. Sipandi tena hicho chombo. Siku kitakapoweza kufika juu mimi nikiwa nimekaa, nitapanda. Kabla ya hapo nakwenda na lori."

Alikuwa akisema jambo mara moja tu. Tangu siku ile alikwenda ngomani akiwa ameketi juu ya magunia ya korosho, na Mfaume akafuata nyuma katika vumbi, amefunga bunda la nguo za mkewe kwenye kiti kitupu. Aliukosa uzito wake mgongoni. Aliukosa pia ule mvumo wa wimbo, maana Biasha alikuwa na desturi ya kupanga nyimbo zake njiani, akizivumisha kwa sauti ya chini karibu na bega la mumewe. Mfaume alizisikia kabla ya mwali yeyote. Sasa alizisikia pamoja na watu wengine wote, kutoka nyuma ya ua.

Na mwisho wa msimu ule kulikuwa na ngoma kubwa kuliko zote. Mwanahalima, mjukuu wa marehemu dada yake Biasha, alikuwa anatolewa nje huko Mzenga. Mfaume alijiwekea nia: kwa Mwanahalima, Biasha hatafika juu ya magunia. Injini ile lazima iongezwe nguvu.

Tabu ilikuwa kumpata wa kuiongeza.

Gereji ya kwanza ilikuwa Dar es Salaam, kwenye uchochoro. Fundi alivaa koti jeupe kama tabibu, na kila alichoulizwa alijibu, "Hakuna tabu, mzee wangu. Injini yako nzuri sana." Alikaa nayo wiki nzima. Iliporudi ilinguruma hata mbuzi wa jirani wakakata kamba. Mfaume aliipeleka kilimani na gunia la nazi nyuma. Ikakohoa palepale, ila kwa sauti kubwa zaidi. Fundi alikuwa amekata bomba la moshi, hakuna zaidi.

Gereji ya pili ilikuwa Mlandizi, kwa kijana mwenye tabasamu zuri. Yeye aliisifu pikipiki, akamsifu Mfaume kwa kuitunza, na alipoirudisha kabureta haikuwa ile. Ile ya Mfaume ilikuwa na kibonyeo kidogo ubavuni, cha siku ilipoangukia jiwe. Hii haikuwa nacho, na ilivuja. Kijana aliapa kwa jina la mama yake, na alipoona hiyo haitoshi akaapa kwa jina la mama wa Mfaume. Mwisho aliitoa kabureta halisi chini ya meza, akasema zilichanganyika.

"Wote wawili walikuwa wanasema vizuri," Mfaume alimwambia rafiki yake Mwishehe, dereva wa lori, walipokaa kunywa kahawa Kisarawe. "Hakuna hata mmoja aliyeniambia neno baya."

"Basi nenda Kibaha, mtaa wa Pangani," alisema Mwishehe. "Kuna mtu anaitwa Anselmi. Atakwambia mabaya mpaka ukome. Injini ya lori langu ni kazi yake."

"Mtu wa wapi?"

"Tabora."

Mfaume akaweka kikombe chini. "Mnyamwezi?"

"Mnyamwezi."

"Mtani wangu."

"Mtani wako. Pole sana," alisema Mwishehe, akacheka mpaka kahawa ikamwagika.

Mzaramo na Mnyamwezi wakikutana hawaulizani hali, wanatukanana. Mtani atakuvua kofia barabarani aondoke nayo, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Atakuja msibani kwako, alale mahali pa maiti na kudai sanda yake ni fupi, na wafiwa watacheka huku wanalia. Mfaume aliujua utani tangu utoto na aliupenda. Lakini kumpa mtani injini? Utajuaje wakati gani anasema kweli?

Akaenda, kwa kuwa hakuwa na mwingine.

Gereji ya Anselmi ilikuwa banda la makuti nyuma ya barabara ya Morogoro. Mchanga wa chini ulifagiliwa, spana zilining'inizwa kwa ukubwa wake, na kila injini iliyofunguliwa ilifunikwa gunia safi. Pembeni mama mmoja aliyeitwa Sikudhani alikuwa anakaanga maandazi. Anselmi alikuwa mtu mpana, aliyewahi kutunza mtambo wa kuchana mkonge upande wa Ruvu. Hakungoja hata pikipiki izimwe.

"Huyo, huyo. Mzaramo kaleta maiti. Kaburi liko nyuma, kachimbe mwenyewe."

"Nimeleta mzigo," alijibu Mfaume. "Nimesikia hapa kuna mpagazi."

Mama Sikudhani akacheka peke yake jikoni.

"Mpagazi yupo, ila habebi vitu vinavyonuka nazi. Inaumwa nini?"

"Haipandi mlima nikiwa na mke wangu."

"Na ukiwa peke yako?"

"Inapanda."

"Basi shuka wewe, apande mkeo."

Akafuta mikono, akakaa kiti cha nyuma kwa uzito wake wote. "Twende. Leo mkeo ni mimi." Wakaenda hadi kwenye mwinuko wa barabara kuu na kurudi, Anselmi akiwa ameinama pembeni, sikio lake karibu na injini. Waliporudi alimwambia Mfaume aiache, arudi Jumatatu.

Jumatatu injini ilikuwa imefunguliwa, kila kipande kimeoshwa na kupangwa juu ya gunia. Anselmi alikuwa kifua wazi.

"Nguvu ya kuongeza ipo," alisema. "Silinda nitaipanua, iingie pistoni kubwa zaidi. Kifuniko chake nitakikata kidogo, ili hewa ibanwe. Njia ya kuingizia mafuta nitailainisha. Nyuma nitafunga sproketi ya mnyororo yenye meno mengi. Utapanda mlima hata ukibeba nyumba. Lakini konrodi hii itakuua." Akainua kile chuma kirefu kinachoishika pistoni kwa chini. "Itakatika mlimani, na mimi nitakuja kula pilau ya arobaini yako na kuondoka na kanga zako zote."

Mfaume akacheka, kama ilivyompasa. "Pilau utakula ukileta mchele mwenyewe."

"Itakatika, mla nazi wewe. Injini ikipata nguvu mpya, chuma hiki hakitaihimili."

"Utabeba jeneza wewe. Si kazi yenu kubeba?"

"Nitalibeba, nitalitupa kijitoni, nirudi kumposa mjane."

"Mjane hali michembe yenu ya viazi."

Mama Sikudhani alikuwa anajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Mfaume naye alikuwa amechangamka, maana ilikuwa nadra kwake kujibu haraka namna ile. "Wewe panua silinda tu," alisema. "Konrodi iache kama ilivyo. Spea za pikipiki hii Dar hazipo, nilikwisha uliza maduka yote. Na mimi nina ngoma mwisho wa msimu."

Anselmi akaiweka konrodi juu ya gunia. Akaenda kwenye ndoo, akanawa mikono kwa mchanga na sabuni hadi kwenye viwiko. Akatungua shati lake kwenye msumari, akalivaa, akalifunga vifungo vyote. Kisha akaleta kigoda, akakifuta vumbi.

"Karibu ukae, Bwana Mfaume," alisema kwa upole. "Habari za nyumbani? Mama hajambo?"

Mfaume akakaa ukingoni mwa kigoda. Mama Sikudhani aliacha kugeuza maandazi.

"Kuna nini?" aliuliza Mfaume. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu, Bwana Mfaume. Naomba uangalie kitu, kama una nafasi."

Konrodi ilikuwa imelala usiku kucha ndani ya mafuta ya taa. Anselmi akaifuta kwa kitambaa mpaka ikakauka kabisa. Akachukua chaki, akaipaka pande zote, ikawa nyeupe. Wakasubiri. Mfaume alikuwa anataka kusema kitu cha kuchekesha na hakukipata. Polepole, karibu na shingo ya chuma kile, ukajitokeza mstari mweusi mwembamba kama unywele, ukakata ile chaki kutoka ukingo mmoja hadi karibu na wa pili. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yalikuwa yanatoka.

Mfaume aligusa mstari ule kwa kidole. Aliwaza kilima, na mahali pale penye kona, na Biasha nyuma yake.

"Ungeniambia," alisema.

"Nimekwambia, Bwana Mfaume. Mara tatu."

"Ulikuwa unatania."

"Nilikuwa natania, na nilikuwa nakwambia. Kwetu vinakwenda pamoja."

Andazi likaungua, mama Sikudhani akalitoa bila kulitazama. Mfaume aliwakumbuka wale mafundi wawili wa maneno matamu, na akaona kwamba mtu huyu amemtukana kweli tupu tangu siku ya kwanza.

"Anselmi," alisema, "nitukane basi. Kidogo tu, nipumue."

"Siwezi, Bwana Mfaume. Nitakutukana ukikubali konrodi ibadilishwe."

"Nimekubali."

"Hata kama ngoma itapita?"

Mfaume akautazama tena ule mstari mweusi. "Hata kama itapita."

Anselmi akafungua kifungo cha juu cha shati. "Basi toka kwenye kigoda changu, mla nazi. Utakiozesha."

Konrodi walikwenda kuitafuta Mlandizi, kwa mzee Mwinyimadi. Anselmi alikumbuka kuwa huyo alikuwa na pikipiki ya aina ileile, ambayo mwanawe aliigonga kwenye mnazi, na tangu hapo haikuwashwa. Waliikuta ndani ya banda la kuku. Mwinyimadi alikubali mara moja kubadilishana injini ile mbovu na doti mbili za kanga, ila mkewe alisimama mlangoni akakataa. Kuku wake alikuwa analalia mayai nyuma ya tangi, pale ambapo kiti kilikuwa.

"Mkitikisa chuma hicho atasusa," alisema. "Subirini aangue."

"Mama, huyu Mzaramo ana ngoma," Anselmi alimweleza.

"Na mimi ni Mzaramo, na nina mayai."

Wakasubiri. Mfaume alipita Mlandizi kila alipopata sababu, na mara nyingine bila sababu, akimtolea kuku yule shikamoo kwa ombi la Mwinyimadi, aliyesema kwamba heshima huharakisha mambo. Vifaranga vilipotoka Anselmi alifika na spana zake siku ileile. Konrodi ya mle ilipakwa chaki, wakaitazama mpaka macho yakauma, na chaki ikabaki nyeupe.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya mkono wa taratibu. Silinda ilihitaji mashine ya kukereza, nayo haikuwepo Kibaha, kwa hiyo Anselmi aliipakata kwenye basi mpaka Dar es Salaam, akakaa ubavuni mwa mkerezaji tangu mwanzo hadi mwisho, na akarudi nayo mapajani. Njia ya mafuta aliilainisha kwa msasa uliozungushwa kwenye kijiti, siku mbili, akiimba nyimbo za kwao. Kila kipande cha zamani alichokitoa alikitunga kwenye waya, akamkabidhi Mfaume.

"Nivifanyie nini?" aliuliza Mfaume.

"Mvishe mkeo shingoni. Mimi sitaki uje kusema nimekuibia."

Injini ilipounguruma mara ya kwanza, sauti yake ilikuwa nzito na ya chini, kama ya mtu anayeongea bila kutaka kusikiwa na wengi. Mfaume akataka kukimbia moja kwa moja kilimani. Anselmi akamkataza. Pistoni na silinda zilikuwa hazijazoeana. Ilimpasa kwenda polepole kwanza, bila mzigo na bila mlima. Basi wiki nzima watu wa Kisarawe walimwona Mfaume akizunguka mjini kwa mwendo wa punda, huku watoto wakimpita kwa miguu. Walimuuliza kama anauguza mtu. Alijibu kwamba ndiyo, ila amepata nafuu.

Siku mbili kabla ya ngoma ya Mwanahalima, Biasha alikuwa anakunja kanga zake kwa ajili ya lori. Mfaume aliiegesha pikipiki mlangoni, akaingia.

"Iko tayari," alisema.

"Umepanda nayo kilima?"

"Bado."

"Kwa hiyo mimi ndiye gunia la majaribio."

"Fundi anasema itapanda."

"Fundi gani? Yule mtani wako?" Biasha akaendelea kukunja. "Mfaume, mtani akikwambia jua limechomoza, si unachungulia dirishani kwanza?"

Mfaume akamweleza habari ya konrodi, tangu matusi hadi shati na kigoda. Biasha akaacha kukunja.

"Alikuita Bwana Mfaume?"

"Mara nyingi."

"Akaulizia hali yangu?"

"Kwa adabu."

"Na hapo katikati hamkutukanana hata kidogo?"

"Nilimwomba. Akakataa."

Biasha alikaa kitako juu ya kitanda, akawaza. Binti wa Kizaramo aliyekulia kwenye ngoma na misiba hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mnyamwezi kumwita Mzaramo bwana, mbele ya mwuza maandazi, ilikuwa sawa na mtu mwingine kuapa msikitini. Akasimama, akalifunga bunda.

"Mwambie Mwishehe asinipitie," alisema.

Waliondoka alfajiri ya siku ya ngoma. Biasha alikaa upande, kama zamani, mkono mmoja kwenye bega la mumewe na mwingine umeshika bunda. Walivuka kijito. Wanawake wa korosho walikuwa wamekwisha fika, na mlio ule mpya uliwafanya wainue vichwa. Mfaume akapunguza gia penye kona, mchanga ukaanza kushika magurudumu, injini ikashusha sauti yake, ikavuta. Wakafika nusu. Kwa mazoea ya miaka, kinywa cha Mfaume kikafunguka chenyewe.

"Thubutu," alisema Biasha sikioni mwake.

Akakifunga. Gurudumu la nyuma liliteleza mara moja, likashika tena. Mikorosho ikapita, kisha mawe meupe ambayo Mfaume alizoea kuyapita peke yake, na ghafla mbele hapakuwa na mwinuko ila anga na barabara inayonyooka. Nyuma yao vigelegele vilikuwa vinapanda kutoka kwenye mikorosho. Mfaume alikaza breki, akitaka wasimame waangalie chini.

Mkono wa Biasha ukampiga begani. "Unasimama nini? Mwali ananisubiri."

Wakaendelea. Baada ya mwendo mfupi Mfaume akasikia mvumo mgongoni. Alipunguza mwendo ili usikike vizuri, na hakuambiwa aongeze.

Mzenga walipokelewa kwa kanga zilizotandikwa chini, Biasha akateremka juu yake pasipo chembe ya vumbi miguuni, akaingia uani. Mfaume akakaa nje kwenye mkeka, pamoja na Abeid, babu wa mwali, na wazee wengine. Ngoma zikaanza. Sauti ya Biasha ikapanda peke yake.

"Chuma kinakohoa, kaniambia nitue!"

Wanawake wakaitika, na ilionekana kama wanaujua wimbo ule tangu kuzaliwa: "Situi, mie situi!"

"Mume na fundiwe, wamehangaika na kuku!"

"Situi, mie situi!"

Uani kulikuwa kicheko kitupu. Wimbo ulizidi kupata moto, na kila ubeti ulimtaja mume yule na makosa yake, yaliyotokea na yasiyotokea. Mzee Abeid alitega sikio, akamgeukia jirani yake.

"Wanamwimba nani leo?"

"Mimi," alisema Mfaume.

"Pole," alisema mzee, akamsogezea kahawa.

Mfaume akaipokea, akaegemea ukuta, akafumba macho ili asikose hata ubeti mmoja.